Mhuri kabla ya kisomo

Saa kumi na moja kasoro robo jioni. Mhujaji wa miguu yuko chini ya Kirihata-ji, hekalu la 10 kati ya mahekalu 88 ya Kibudha ya kisiwa cha Shikoku, Japani. Koti lake jeupe limelowa jasho mgongoni. Mbele yake kuna ngazi 333 za mawe, na huko juu, karibu na jengo kuu, kuna dirisha la ofisi ya mihuri ambalo litafungwa saa kumi na moja kamili.

Anapanda mbio. Akifika juu hana pumzi. Hanawi mikono, hasimami mbele ya jengo lolote. Anakwenda moja kwa moja dirishani, anafungua daftari, anaweka sarafu ya yen 500, anapigiwa mhuri. Kisha anageuka na kushuka, maana kwenye nyumba ya wageni aliyoweka nafasi wanapakua chakula cha jioni saa kumi na mbili.

Hekalu la 10 limeshahesabiwa. Je, amelizuru?

Mambo haya hutokea Shikoku mara kwa mara, na hakuna anayemkaripia mtu kwa ajili yake. Lakini swali limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu kila nikitaka kulijibu kwa ukali, nakuta ukali wenyewe hauna pa kusimama.

## Mhuri ni wa nini

Daftari la mihuri, wenyewe wanaliita nokyocho, lina ukurasa mmoja kwa kila hekalu. Anayekaa dirishani hupiga mihuri mitatu myekundu: mmoja juu kulia, mmoja katikati, mmoja chini kushoto. Halafu anachukua brashi na wino mweusi na kuandika juu ya wekundu huo. Katikati huandikwa herufi ya Kisanskriti na jina la Budha au Bodhisatva (mtakatifu aliye njiani kuwa Budha) anayetukuzwa pale, na kushoto jina la hekalu. Mkono haukwami wala haurudi nyuma. Ukurasa mzima unakwisha kabla hujamaliza kuhesabu chenji yako.

Zamani mhujaji alikuja na sutra, yaani andiko takatifu la Kibudha, aliyoinakili kwa mkono wake. Aliikabidhi hekaluni, na hekalu likampa maandishi ya kuthibitisha kwamba imepokelewa. Mhuri wa leo umetokana na maandishi hayo. Ni risiti. Wanaonakili kwa mkono bado wapo, na nakala zao zinapokewa, lakini kwa walio wengi kisomo mbele ya jengo ndicho kimechukua nafasi ya nakala.

Basi yule aliyepanda ngazi 333 akachukua mhuri na kushuka ameshika risiti ya kitu ambacho hakukitoa.

Hapo ndipo nilipoanzia, na niliona jambo limekwisha. Halikuwa limekwisha.

## Nusu saa ya hekalu moja

Ili kuona anachokiruka, lazima tuifuate ziara yenyewe hatua kwa hatua. Utaratibu ni mmoja kwa mahekalu yote 88, ingawa si yote ya madhehebu mamoja: 80 ni ya Shingon, dhehebu alilolianzisha Kukai, mtawa anayeitwa pia Kobo Daishi (774–835), ambaye hija nzima inafuata nyayo zake, manne ni ya Tendai, mawili ya Zen ya Rinzai, moja la Zen ya Soto na moja la Ji. Mhujaji habadilishi chochote anapotoka dhehebu moja kuingia jingine.

Langoni unainama mara moja kuelekea jengo kuu. Kofia pana ya majani huivui. Mhujaji ana ruhusa ya kubaki nayo, hata wakati wa kisomo.

Unakwenda kwenye birika la maji. Kata unaishika kwa mkono wa kulia na kumwagia wa kushoto; unabadilisha, unamwagia wa kulia; unairudisha kulia, unakinga maji kidogo kwenye kiganja cha kushoto na kusukutua. Mdomo haugusi kata kamwe. Maji yaliyobaki unayaacha yateremke kwenye mpini kwa kuisimamisha kata wima, ili anayekuja nyuma yako aikute safi. Yote hayo ni kwa kata moja. Wengi wanamwaga nusu kwenye mkono wa kwanza na kuishiwa kabla ya kusukutua. Tangu wakati wa korona, mahekalu mengi yameondoa kata na kuacha maji yachirizike kutoka kwenye mwanzi, na hapo unakinga mikono tu.

Kengele kubwa unaigonga mara moja, kama imeruhusiwa. Penye nyumba za watu karibu, gogo la kugongea huwa limefungwa kamba. Kengele ni ya kuingilia. Anayeigonga anapotoka anahesabiwa kuwa amejiitia bahati mbaya.

Sasa jengo kuu. Mshumaa mmoja, unaouwasha kwa kibiriti chako mwenyewe, si kwa moto wa mshumaa wa mtu mwingine: inaaminika kwamba ukiazima moto wake, unachukua na mzigo wake. Unauweka safu ya nyuma au ya juu. Ukiuweka mbele, anayefuata atalazimika kupitisha mkono juu ya moto wako. Vijiti vya udi ni vitatu, na unavichomeka katikati ya chungu cha majivu kwa sababu hiyo hiyo. Mahali ambapo watu wamechomeka ovyo pembeni, utaona wazee wa miguu wana alama ndogo za kuungua kwenye mikono ya koti.

Kisha karatasi. Kila mhujaji ana vipande vyembamba vya karatasi alivyoandika jina, mahali anapoishi, tarehe na ombi lake. Unatumbukiza kimoja kwenye sanduku lililo mbele ya jengo. Rangi inasema umezunguka mara ngapi: nyeupe ni ya mzunguko wa kwanza hadi wa nne, kijani kuanzia wa tano, nyekundu kuanzia wa nane, ya fedha kuanzia wa 25, ya dhahabu kuanzia wa 50, na ya kitambaa cha kufumwa ni ya waliofikisha mizunguko 100. Ziandike usiku uliotangulia. Anayeandikia hekaluni kwa kalamu ya wino wa maji, siku ya mvua, anatumbukiza karatasi isiyosomeka. Na kwa kuwa masanduku hayo hufunguliwa na watu wengine, mtaa na namba ya nyumba havina haja. Jina la mji linatosha.

Sarafu ya sadaka unaiachia ianguke. Huirushi.

Halafu kisomo. Unasogea pembeni, maana katikati ni njia ya wengine. Beti ya kufungulia, kisha Sutra ya Moyo, yenye herufi takriban 260, ambayo kwa mwendo wa kawaida inachukua kama dakika tatu. Baada yake mantra (maneno matakatifu mafupi ya kurudiwa) ya Budha wa hekalu lile mara tatu, mantra ya nuru mara tatu, jina la Kobo Daishi mara tatu, na maneno ya kufungia ambayo yanawaombea viumbe wote wapate sehemu ya thawabu. Unasoma kitabu kikiwa mkononi hata kama umehifadhi. Ndiyo adabu yao.

Ukimaliza hapo, umefika nusu.

Kila hekalu lina jengo la pili, la Kobo Daishi mwenyewe. Kule unaanza upya: mshumaa, vijiti vitatu, karatasi, sarafu, kisomo, isipokuwa mantra ya Budha wa hekalu. Hapa ndipo watu wanapokata. Wasioruka jengo kuu wanaruka jengo hili, hasa pale lilipojificha nyuma au lina ngazi zake peke yake.

Hesabu ya safari nzima kwa hiyo ni mishumaa 176, vijiti vya udi 528, karatasi 176, na Sutra ya Moyo mara 176. Karatasi nyeupe nunua 200, maana nyingine utazitoa njiani. Mihuri 88 kwa yen 500 ni yen 44,000, na yote ni pesa taslimu. Wanaobeba noti za 10,000 wanajikuta wanasimama dirishani wakisubiri chenji huku foleni inarefuka.

Nusu saa kwa hekalu, ukienda bila kukimbia na bila kuzubaa.

## Saa zinapotelea wapi

Sasa turudi kwa mtu wa ngazi 333. Kwa nini amechelewa?

Si kwa sababu ni mvivu. Ni kwa sababu alipanga siku yake kwa kilomita, akasahau mahekalu. Kutoka hekalu la 1, Ryozen-ji, hadi la 10 ni karibu kilomita 28. Kwa mwendo wa kilomita nne kwa saa, hizo ni saa saba. Ukigawa kwa siku mbili, unaona saa tatu na nusu kwa siku, na unajiambia muda ni mwingi. Lakini mahekalu kumi kwa nusu saa kila moja ni saa nyingine tano. Ongeza muda wa kununua vifaa kwenye duka la hekalu la kwanza: kofia, koti, fimbo, daftari, mishumaa, udi, karatasi, kitabu cha kisomo, mfuko wa begani. Mgeni hatoki hapo chini ya saa nzima. Na tangu Aprili 2024 madirisha hufunguliwa saa mbili asubuhi; zamani ilikuwa saa moja. Saa moja ya asubuhi, ambayo watu wa miguu waliitegemea sana, imeondoka.

Ramani inaonyesha umbali. Haionyeshi mshumaa unaozimwa na upepo mara nne.

Ugumu huo unabadilika kadiri unavyozunguka kisiwa. Katika mji wa Tokushima, hekalu la 13 hadi la 17 yamekaa ndani ya kilomita zisizofika kumi: mwendo ni mfupi, ibada ni saa mbili na nusu. Katika mkoa wa Kagawa hekalu la 68 na la 69 yako ndani ya ua mmoja, na ofisi ni moja kwa mihuri yote miwili. Halafu ukielekea mkoa wa Kochi mambo yanageuka kabisa. Kutoka la 23, Yakuo-ji, hadi la 24 kwenye rasi ya Muroto ni karibu kilomita 75 kando ya bahari, na kutoka la 37 hadi la 38 kwenye rasi ya Ashizuri ni zaidi ya kilomita 80. Siku mbili au tatu bila hekalu, lami tupu, bahari upande mmoja na malori upande mwingine. Huko hakuna dirisha la kukimbilia. Kinachoharibika huko ni miguu.

Sehemu kubwa ya njia, ambayo ni kama kilomita 1,200, siku hizi ni lami, na lami inapiga sehemu ile ile ya unyayo maelfu ya mara. Malengelenge huja siku ya pili hadi ya nne, yaani katika siku zile zile ambazo mtu bado anajipima nguvu. Viatu viwe vikubwa kidogo kuliko saizi yako ya kawaida, maana mguu unavimba jioni. Soksi uzibadilishe adhuhuri, usisubiri hadi zilowe. Ukihisi joto mahali pamoja kwenye unyayo, simama hapo hapo ubandike plasta. Ukisema "nitafika kwanza", utakuwa umeshachelewa. Mzigo wa kilo sita hadi nane unatosha. Mwenye kilo kumi na mbili hufika posta ya karibu na kutuma nusu nyumbani.

Na mlima wa kwanza unakuja mapema mno: kutoka hekalu la 11 hadi la 12, Shosan-ji, karibu kilomita 13 za kupanda, kushuka na kupanda tena hadi kama mita 700. Saa sita hadi nane. Hapo katikati hakuna duka wala basi. Anayeondoka hekalu la 11 saa nne asubuhi amejitengenezea mwenyewe jioni ya kukimbia.

## Basi lilinivunjia hoja

Msimamo wangu ulikuwa rahisi: mwenye kutembea ndiye mhujaji wa kweli, na tatizo la mhuri kabla ya kisomo ni la watu wa haraka, wa magari na mabasi.

Tazama basi linavyofanya kazi.

Linasimama, wanashuka watu thelathini, wengi wao wazee. Msimamizi wa safari anabeba rundo la madaftari na mabunda ya vitambaa vya kupigiwa mihuri na kwenda nayo dirishani peke yake. Wale thelathini wanafuata kiongozi wao, ambaye kwa kawaida ni mtu aliyezunguka mara nyingi na kupewa cheo na umoja wa mahekalu. Wanajipanga mbele ya jengo kuu. Kiongozi anagonga kikengele cha mkononi, na watu wote thelathini wanaisoma Sutra ya Moyo kwa sauti moja, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. Wanahamia jengo la Kobo Daishi, wanasoma tena. Wanaporudi kwenye basi, madaftari yao yameshajaa.

Mihuri yao imepigwa wakati kisomo kinaendelea, pengine kabla hakijaanza. Hawakuigusa. Lakini kisomo kimetimia, mahali pote pawili, kwa sauti inayosikika hadi langoni.

Na mara nyingi, pembeni yao, kuna mtu wa miguu aliyetembea kilomita 28 tangu asubuhi, ambaye anaangalia saa na kunong'ona mantra tu.

Nani kati yao amelizuru hekalu? Mimi nimeshindwa kumchagua mwenye viatu vilivyochakaa. Miguu haisomi sutra. Tena tuseme ukweli: kutembea kunaleta majivuno ya aina yake, na majivuno hayo yanampa mtu ruhusa ya kukata ibada, kana kwamba kilomita zimeshalipa.

Kwa hiyo kinyongo changu na mpangilio wa mhuri na kisomo kilikuwa kimeelekea pabaya. Adabu ni kisomo kwanza, mhuri baadaye, na hilo linafundishwa hivyo kila mahali. Lakini kinachoharibu ziara ni kisomo kutokuwepo. Mpangilio ni jambo la pili.

Hilo linaleta ushauri ambao miezi michache iliyopita nisingeutoa. Ukifika na dakika kumi mkononi, nenda dirishani kwanza, kwa utulivu, useme kwamba utafanya ibada baadaye. Kisha baki. Mahekalu mengi uwanja wake haufungwi ofisi inapofungwa, na hakuna anayekufukuza ukisoma taratibu saa kumi na moja na nusu. Kengele usiigonge tena. Mshumaa hakikisha umezimika kabla hujaondoka, kwa kuwa hakuna aliyebaki kuuangalia. Nyumba ya wageni uipigie simu mapema kuwaambia utachelewa; wenyeji hukasirishwa na ukimya kuliko kuchelewa.

Kama huwezi kubaki, bora uache mhuri hadi kesho.

## Chai ya saa tisa na nusu

Kuna sababu nyingine ya kuchelewa, na hii si kosa la mtu yeyote.

Watu wa Shikoku hutoa zawadi kwa wahujaji. Desturi inaitwa osettai. Machungwa mawili, chupa ya chai, sarafu ya yen 100, kikombe cha kahawa barazani, pakiti ya biskuti iliyofungwa kwenye leso, wakati mwingine lifti au kitanda cha usiku. Osettai haikataliwi. Anayetoa anamtolea Kobo Daishi ambaye anatembea pamoja nawe. Ukikataa umemnyima nafasi ya kutoa. Unapokea kwa mikono miwili na kumpa kipande chako kimoja cha karatasi ya jina. Ndiyo ile akiba ya karatasi 24.

Kisa kinachosimuliwa nyuma ya desturi hii ni cha Emon Saburo, tajiri wa eneo la Iyo kisiwani humo aliyemfukuza mtawa ombaomba na kuvunja bakuli lake vipande vinane. Watoto wake wanane wakafa mmoja baada ya mwingine. Alipotambua kwamba mtawa yule alikuwa Kobo Daishi, aliacha mali na kumfuata kisiwa kizima. Alizunguka mara 20 bila kumpata, mara ya 21 akazunguka kinyume, wakakutana karibu na hekalu la 12 akiwa mahututi, akasamehewa, akafa. Hekalu la 51, Ishite-ji huko Matsuyama, linahifadhi jiwe ambalo, kwa mapokeo, alizaliwa nalo mkononi alipokuja tena duniani. Ndiyo maana hadi leo katika miaka mirefu, yenye siku 366, watu wengi huzunguka kinyume, kuanzia 88 kwenda 1, kwa imani kwamba thawabu ni kubwa zaidi. Wajue tu kwamba alama za njiani zimewekwa kwa anayefuata mwelekeo wa kawaida, na kupotea ni rahisi mno.

Rudi kwenye saa. Mwanamke mzee anakuita barazani saa tisa na nusu, maji yameshachemka. Hekalu liko kilomita tano mbele. Ukiketi, dirisha litafungwa. Ukikimbia, umefanya alichofanya Emon Saburo, kwa adabu zaidi.

Keti. Na kwa kuwa unajua jambo hili litatokea, wala hujui ni siku gani, panga kilomita 20 hadi 25 kwa siku badala ya 30. Watu wanaomaliza kwa siku 40 na wanaomaliza kwa 50 wanapita njia ile ile. Tofauti yao mara nyingi ni nafasi waliyoacha kwa mambo kama haya.

## Asiye Mbudha dirishani

Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni Waislamu au Wakristo, na najua swali lao.

Langoni hakuna anayeulizwa dini. Dirishani pia hapana. Mavazi meupe hayalazimishwi. Ukiyavaa, jua unachovaa. Ni vazi la kufia: aliyekufa njiani alizikwa nalo, na fimbo yake, ambayo ncha yake ya juu imechongwa kama nguzo ya kaburi, ilisimikwa juu yake. Aliyewahi kufunga ihramu hahitaji kuelezwa zaidi. Fimbo hiyo pia inahesabiwa kuwa Kobo Daishi mwenyewe, kwa hiyo jioni unaosha ncha yake kabla ya kuosha miguu yako, na unaiingiza ndani. Haigongwi darajani, kwa sababu husimuliwa kwamba alipokosa pa kulala katika mji wa Ozu alilala chini ya daraja, na huenda amelala chini ya hili pia.

Kuhusu kisomo, maoni yangu ni haya. Usitamke maneno usiyoyakusudia ili upate mhuri. Simama pembeni, vua miwani ya jua, nyamaza kwa muda ule ule ambao sutra ingechukua, mahali pote pawili. Dakika tatu za kusimama kimya ni ndefu kuliko unavyodhani. Anayeweza kutoa hizo, sioni cha kumzuia asiende dirishani. Asiyeweza, anaweza kuzuru hekalu, kupiga picha ua wake, kula chungwa lake, na kuacha daftari. Hilo nalo ni heshima.

Ukienda dirishani, mambo machache yanayowakera wanaoandika: daftari lililofungwa (lifungue ukurasa sahihi kabla ya kukabidhi), jalada la plastiki ambalo halijatolewa, na simu inayoelekezwa mkononi mwao bila kuomba ruhusa. Wino haujakauka unaporudishiwa. Kuna karatasi ya kunyonyea wino. Iweke kati ya kurasa, ufunge kwa upole, kisha daftari liingie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika. Mvua ya Juni ikiingia kwenye begi, kurasa thelathini zinageuka madoa.

Na usitupe daftari ukimaliza mzunguko. Anayerudi hapewi ukurasa mpya. Mihuri mipya inapigwa juu ya ile ya zamani, maandishi ya brashi hayarudiwi, na kwa waliozunguka mara nyingi ukurasa unakuwa mwekundu kiasi kwamba maandishi hayasomeki tena. Nakatsukasa Mohei, aliyeishi kati ya 1845 na 1922, alizunguka mara 280 kwa miguu na kusimamisha mawe ya kuonyesha njia zaidi ya 200, ambayo mengi bado yanaelekeza watu.

## Ukurasa wa mwanzo

Hekalu la 88, Okubo-ji, halimalizi daftari. Kwa desturi ukurasa wa mwanzo huachwa mtupu tangu siku ya kwanza, kwa ajili ya Okunoin juu ya mlima Koya, nje ya Shikoku, ambako Kobo Daishi anaaminika kuwa bado yuko hai katika tafakuri. Watu huacha fimbo zao Okubo-ji au kwenda nazo huko, yote sawa.

Kutoka Tokushima kuna feri ya kwenda Wakayama, mwendo wa saa mbili hivi, kisha treni na mwisho kebo ya kupandia mlima. Okunoin inafikiwa kwa njia ya kama kilomita mbili kati ya mierezi mirefu na makaburi yanayozidi 200,000. Ukivuka daraja la mwisho, kamera inaingia mfukoni na kofia, kwa wasio wahujaji, inavuliwa. Chakula hupelekewa Kobo Daishi mara mbili kila siku, alfajiri na kabla ya adhuhuri, na ukiwahi utawaona watawa wakipita na sanduku jeupe la mbao.

Usiende na kurudi siku moja. Mahekalu kama 50 ya mlimani hapo yanapokea wageni wa kulala, na wageni wanaruhusiwa kuketi kwenye kisomo cha asubuhi. Uliza jioni kinaanza saa ngapi, maana kila hekalu lina saa yake, na uvae soksi nzito: ukumbi hauna joto na sakafu ni ya mbao.